Mshipa Haukuhama

Nunguni, Jumanne, Agosti

Ukungu haukuondoka leo mpaka saa nne, na baridi imeuingia mguu wangu wa kulia ikakaa humo kama mwenye nyumba. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa mlangoni, daftari juu ya paja, mguu juu ya kigoda. Nimechoka. Lakini nilienda mwethya, kazi yetu ya kikundi, na jina langu limeandikwa kwamba nilikuwepo.

Nianze na aibu yangu, maana wewe daftari sikudanganyi.

Wiki tatu zilizopita, Jumanne kama leo, kikundi chetu kilikuwa shambani kwa Mama Kioko, mwenyekiti wetu. Sisi wanawake wa mwethya tunachimbiana mitaro ya fanya-juu kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Unachimba, udongo unautupa upande wa juu wa mtaro, ili mvua ikija isiteremke na shamba lako mpaka mtoni. Kutupa udongo ndiyo kazi yangu. Si kujisifu. Aa, wacha nijisifu, kwani nani anasoma? Hakuna mwanamke katika kikundi chetu anayenishinda kwa beleshi.

Siku hiyo wimbo ulikuwa umepamba moto. Nikaruka kutoka mtaroni, na hapo hapo mtu akanipiga na jiwe nyuma ya mguu, kwenye shavu, pah!

Niligeuka nikiwa moto. Nyuma yangu alikuwa Mama Mueni, jirani yangu, yule mwembamba anayeshika pima maji. Hiyo pima maji ni kichupa kidogo chenye kipovu ndani. Kinaning'inizwa katikati ya kamba, na kamba inashikwa na watu wawili kwenye fito, ili tujue mtaro upite wapi uwe sawa. Mimi niliita hiyo kazi ya wagonjwa. Basi nikamfokea mbele ya wote. Nikamwambia kama amechoka kutazama kipovu, asiwatupie mawe watu wanaofanya kazi. Akafungua mikono yake, mitupu. Tukatafuta jiwe, hatukuliona. Lakini nilikuwa nimeshapaza sauti, na mimi kuyafuta maneno yangu sijazoea.

Kisha mguu ukakataa kukanyaga.

Kesho yake nikachechemea hadi kwa Susu, nyanya yetu anayekanda watu hapa kijijini. Nikamwambia, "Susu, mshipa umehama." Kwetu kila kitu kilicho ndani ya mguu ni mshipa. Kinachopitisha damu ni mshipa, kinachovuta ni mshipa, kinachouma ni mshipa. Susu akachemsha maji, akapaka mafuta ya ng'ombe, akautafuta huo mshipa kwa vidole gumba ili aurudishe mahali pake. Nililia, mimi mtu mzima. Jioni mguu ulikuwa umevimba na rangi yake imekuwa ya zambarau.

Nikakosa mwethya Alhamisi, nikakosa Jumanne. Alhamisi iliyofuata nikaamka sisikii uchungu, nikasema nimepona. Nikachukua beleshi. Kabla ya uji wa saa nne nikaruka mtaro, na lile jiwe likanipiga tena, mahali pale pale.

Safari hii sikumtazama mtu. Nilijua hakuna jiwe.

Daktari wa dispensari ni kijana, lakini mikono yake ina heshima. Aliubonyeza mguu taratibu, akauliza nani alinikanda, na nilimwambia nini. Nikamjibu. Akatikisa kichwa.

"Mama, mshipa hauhami. Hii ni nyama, na imechanika. Umemwambia mama wa watu atafute kitu kilichopotea, naye akatafuta kwa nguvu zake zote, juu ya kidonda."

Simlaumu Susu. Ni mimi niliyempa neno baya, naye akalifanyia kazi kwa bidii.

Daktari akanieleza kwamba siku tatu za kwanza nyama iliyochanika haitaki moto wala kukandwa. Inataka kitambaa cha maji baridi, bandeji, na mguu uinuliwe juu. Baada ya hapo haitaki kulala tu, inataka kazi, lakini kazi ndogo ndogo: kutembea kidogo, kisha kushika mlango na kuinuka kwa vidole, polepole, kila siku kuongeza kidogo. Ikiuma kwa ukali, nirudi nyuma hatua moja. Nikamwambia mbona ilikuwa imeacha kuuma. Akaniuliza kama leso ikipasuka nikaishona asubuhi, nitaifungia mzigo wa kuni jioni hiyo hiyo. Nyama huacha kuuma kabla haijashikana, akasema, na siku nitakayoweza kurukaruka kwa mguu huo mmoja bila uchungu, ndiyo siku ya kushika beleshi. Si kabla.

Nikakosa Jumanne. Nikakosa Alhamisi.

Sasa kikundi chetu kina sheria, na kwa mdomo wangu huu mimi ndiye niliyeipendekeza: ukikosa siku tatu mfululizo, zamu yako inarudi mwisho wa foleni. Zamu yangu ni keshokutwa. Mwisho wa foleni ni baada ya mvua. Na mvua ya mwaka jana ilibeba maharagwe yangu pamoja na udongo wake, ikaniachia mawe. Baba Ndinda, mume wangu, yuko Mtito Andei kwenye pampu ya petroli, anakuja mwisho wa mwezi kwa siku mbili. Shamba lile nikilipeleka kwenye mvua nyingine bila mitaro, sitakuwa na cha kupanda.

Kwa hiyo leo, ambayo ingekuwa siku ya tatu, nilienda na fimbo.

"Haiya! Fundi wa beleshi amekuja kuchunga mbuzi?" Mama Kioko akasema, wakacheka wote. Nikacheka pia, lakini iliniuma. Nikamwambia nimekuja kufanya kazi yoyote ambayo mguu utakubali. Akatazama huku na huku, akaelekeza kidole kwa Mama Mueni.

Kazi ya wagonjwa.

Mama Mueni akanipa kichupa. Nilidhani ni kutazama tu, kumbe! Kipovu kinakimbia huku, ukimwambia mtu ashushe kamba kinakimbia kule, na ukiwa na haraka utasema kiko katikati wakati bado kinatembea. Nilisema "hapo!" mara tatu, na mara tatu Mama Mueni akarudia kupima na kukuta nimekosea. Hakunicheka. Laiti angenicheka, ningejua la kumjibu.

Kisha wakaanza kuimba. Haki, mikono iliniwasha. Mwenzetu mmoja alikuwa ameenda kunywa uji, beleshi lake limesimama peke yake kwenye udongo. Nikalishika. Nikaweka mguu juu yake, ule ule wa kulia, nikakanyaga kidogo tu.

Shavu la mguu likanivuta. Si sana, kama mtu anayekukumbusha jina lako. Nikaliachilia beleshi. Nilipogeuka, Mama Mueni alikuwa amesimama hapo na kichupa mkononi, ananingoja.

"Mama Mueni," nikasema, "ile siku hukunipiga na jiwe."

"Mama Ndinda, mimi nikitaka kukupiga, nitalenga kichwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akakaa. Nikamwomba msamaha hapo hapo kwa sauti ile ile niliyomfokea nayo, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili.

Jioni hii nimempa beleshi langu. Nimemwambia akae nalo kwake, na nikija kuliomba aniambie nirukeruke kwa mguu mmoja kwanza, na uso wangu autazame vizuri kama sifichi uchungu. Nimeliona likiteremka njia begani kwake, mpini ule niliouchonga mwenyewe, na machozi yamenitoka. Si kwa uchungu wa mguu.

Nimeshika mlango, nimeinuka kwa vidole mara kumi na tano. Jana zilikuwa kumi na mbili. Nilitaka kufika ishirini. Nimeacha.

Alhamisi shamba langu litachimbwa na beleshi langu, na mimi nitakuwa nimeinama juu ya kipovu. Je, nitaweza, juu ya udongo wangu mwenyewe, wimbo ukipamba moto?

Nitaweza. Ikibidi, wanifunge kwa ile kamba.