Namba Yetu kwa Fundi wa Mageti

Kliniki ya Uzazi,
Chumba cha nyuma, upande wa uani.
Jumapili, tarehe 16 Februari.

Mpendwa Kitinda wangu,

Hujambo huko kambini? Kifua kimepona, au vumbi la barabara bado linakukohoza? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo mzima, na kila akisali huanza na wewe ndipo afike kwetu. Shemeji yako anakusalimu. Kwa kuwa simu huko hushika kwa bahati, barua hii nimempa dereva wenu wa saruji.

Nataka kukueleza habari za ile tovuti uliyotutengenezea. Usishtuke, ipo na inafunguka.

Wiki iliyopita aliletwa mama mmoja mwenye uchungu, mtoto karibu kutoka. Tulimpokea salama, mtoto wa kike, sauti kama tarumbeta. Alipotulia akaniambia, "Nishukurieni yule baba yenu wa kwenye simu. Bila yeye ningezalia nyumbani peke yangu." Nikatazamana na muuguzi wetu mrefu, yule tunayemwita Twiga. Kitinda, hapa hatuna mwanamume ila mlinzi, naye simu ya kliniki haigusi.

Tukafungua tovuti. Kumbe namba iliyoandikwa ni ya zamani, ile laini uliyoisajili kwa jina lako. Simu ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia tulichukua laini mpya, tukabadilisha kibao cha getini, tukaona yamekwisha. Ya zamani ikakaa kimya mpaka kampuni ikampa mtu mwingine. Wajawazito wakawa wanampigia yeye!

Nikasema si neno, naingia nibadilishe. Nikaandika jina na nenosiri uliloniachia, likakubali. Halafu ukurasa ukataka namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Simu ipi? Ile ile! Twiga akadhani kosa ni la kivinjari, akafuta kumbukumbu zake zote, akaenda kujaribu kwenye kompyuta ya duka la dawa. Wapi! Namba ilikuwa inaingia mfukoni mwa mtu tusiyemjua.

Nikaipigia laini yetu ya zamani. Ikapokea sauti nzito, nyuma yake chuma kinalia.

"Samahani kaka, kuna namba ya siri imeingia kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unisomee."

"Dada yangu, jaribu kwingine. Mimi siibiwi kijinga." Akakata.

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningemjibu hivyo hivyo. Lakini siku simu yake ikiisha chaji, mwenye uchungu atampata nani? Nikapiga tena, nikamwomba anielekeze alipo nimfuate mwenyewe. Akasema, "Njoo basi nikuone."

Ni fundi wa mageti, karakana yake iko nyuma ya ghala la mbao. Nilikwenda na sare yangu ya kazi. Akavua miwani ya kuchomelea, akanitazama juu hadi chini. Hata kujieleza sikuwahi.

"Yule mama alifika?"

"Alifika. Wazima wote wawili."

Akakaa juu ya kopo la rangi. Mtu mzima, mikono kama koleo, akajifuta macho kwa ovaroli. Akaniambia wanawake walipoanza kumpigia alidhani wanakosea namba. Walipozidi, akauliza watu kliniki iko wapi, akawa anawaelekeza njia. Huyu wa mwisho alikuwa peke yake, analia, ndipo akamtuma jirani yake mwenye teksi, yeye akabaki naye kwenye simu.

"Nilikuwa namwambia avute pumzi taratibu. Sijui hata kama ndivyo."

"Ndivyo," nikamwambia.

Tukaanza kazi. Twiga kule kliniki akaandika nenosiri, fundi akanisomea namba, mimi nikampa Twiga kwa simu. Mafundi wenzake wakawasha msumeno wa kukatia chuma, Twiga akasikia tisa badala ya sita, ikakataa. Tukaomba nyingine, nayo ikaisha muda tukibishana. Hapo fundi akapaza sauti, "Zimeni kila kitu!" Karakana nzima ikanyamaza, watu wametukodolea macho. Tukaingia.

Twiga akabadilisha namba ya kliniki, kisha ile ya kupokelea namba za siri. Akatoka, akaingia upya, na safari hii ujumbe ukaja kwetu. Tumechapa na namba za akiba za kuingilia siku simu ikipotea, tumezifungia kwenye kabati la dawa. Mimi na Twiga kila mmoja ana akaunti yake. Tulikuwa tumekutwika wewe mzigo wote bila kufikiri.

Wapo watakaoendelea kumpigia fundi, maana namba yake imebaki kwenye simu zao. Ameiandika yetu mpya kwa chaki ukutani, juu ya mashine, awe anawapa.

Wasalimu wenzako wa kambini, hasa mpishi anayekuvumilia. Shangazi na watoto wa jirani wanakuulizia. Mama anasema Mungu akutangulie barabarani na akurudishe ukiwa mzima.

Akaunti yako sikuifuta. Nimebadilisha nenosiri lake tu, nalo siliandiki hapa wala silisemi kwenye simu. Ukilitaka, rudi nyumbani nikunong'oneze.

Ni mimi, akupendaye hata asiposema,
Dada yako mkubwa.