Mama, Picha Haikuwa Dawa

Mama yangu,

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sijakwenda hotelini kazini. Nimekaa kwenye kitanda chako, na kwa kuwa nyumbani hakuna wa kuzungumza naye, nakuandikia. Najua hukusoma. Hata nilipokuwa shule kule Kitale, barua zangu ulisomewa na katekista, naye aliruka kila sehemu aliyoona haina adabu. Hii haina wa kuiruka, kwa hiyo nitasema yote.

Wanawake wa rika lako walitamani wajukuu, au nyumba ya mabati, au kurudi kwetu Kajo-Keji kulima muhogo. Wewe mwishoni ulitamani kitu kimoja tu: kulala chali. Ulitaka mgongo wote uguse godoro na macho yaangalie juu kama watu wengine. Tuliporudi Juba kutoka ukimbizini Uganda ulipasua mawe chini ya mlima Jebel miaka mingi, umeinama na nyundo tangu asubuhi ili mimi nipate karo, na ile kazi ikakukunja. Mwanzoni jioni ulishika kiuno, ukajinyoosha, ukatukana kidogo, yakaisha. Baadaye ulisimama lakini mgongo ukabaki umeinama. Ukawa unalala kwa ubavu, uso ukutani, na asubuhi nilikuinua taratibu huku umeuma kanga.

Nilikutania kwamba unatafuta sindano uliyoangusha Uganda. Ulicheka, ukashika mbavu, ukanijibu kwamba nikifika umri wako tutaitafuta pamoja.

Nakumbuka yule mzee wa mtaa wa Mangateen anayekanda watu kwa mafuta ya shea, kisha anawapanda mgongoni kwa miguu yake. Ulirudi kwake ukitembea kwa kushika ukuta, na siku kadhaa hukuweza hata kwenda chooni peke yako. Ndipo niliposikia hotelini habari za daktari Mkenya aliyepanga vyumba karibu na uwanja wa ndege, mmoja wa wale wanaoitwa makairopraktika, wanaonyoosha viungo vya mgongo kwa mikono mitupu, bila kisu wala sindano. Nikakupeleka kwa raksha ya magurudumu matatu, nikimwomba dereva apite polepole kwenye mashimo.

Ulidhani atakushika hapo hapo. Ulishajiweka tayari, umefumba macho. Yeye akapitisha vidole juu ya uti wa mgongo wako, akauliza umri, akauliza kama umewahi kuanguka, kisha akasema mgongo kama huo hausukumi kabla hajaona ndani yake. Twende kwanza kupiga eksirei. Ulitoka pale umekasirika kweli.

"Hii daktari gani, Poni? Iko naogopa mgongo."

Hospitalini tulingoja jenereta iwake, maana ile mashine inakula umeme mwingi, na ikiwaka feni zote zinazimwa. Mpiga picha alikuwa mwanamume mpole. Alikuambia uvue rozari yenye medali ya Maria kwa sababu chuma kitaonekana kwenye picha. Ukamwambia kwamba Maria huyo alikuvusha mpaka, hatoki shingoni kwa ajili ya mashine. Alibishana nawe kidogo, akaona ni kazi bure, akakulaza juu ya meza, akakuwekea mito kila mahali palipokuwa na nafasi. Akakuambia ushike pumzi. Mashine ikavuma.

Na uliposhuka ile meza, Mama, hukuhitaji mkono wangu. Mpaka leo sielewi. Labda ule ubaridi wa meza, labda namna alivyokupanga na mito. Ndani ya raksha ulikuwa mwingine kabisa, unasalimia watu njiani.

"Imevuta," ulisema. "Hii mashine imevuta yote. Mimi nasikia mwepesi."

Hapo nikajua kwamba kwako picha ndiyo ilikuwa matibabu yenyewe. Wala hukuwa peke yako. Hapa mtaani kwetu Hai Mauna nusu ya watu wanaamini hivyo hivyo: aliyepigwa picha ametibiwa, na daktari anayefuata ni wa kuagana tu. Jirani zetu walikuja kuuliza mashine iko wapi na kama inafaa magoti. Wiki ile ulipika mwenyewe, ukaenda misa kwa miguu, ukaanza kutoa mito kitandani, leo mmoja, kesho mwingine, ukiushusha mgongo kidogo kidogo. Nami nilikupokea mito hiyo, nikaiweka chini. Wanasema mfa maji haachi kutapatapa, nami nilikuwa natapatapa pamoja nawe.

Kisha tukampelekea daktari ile picha. Aliiweka juu ya kioo chenye taa, na katikati ya mifupa yako akaonekana Maria, mdogo, mweupe kuliko vyote. Daktari akauliza huyu ni nani. Tukacheka sote watatu, na hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokusikia ukicheka.

Alitueleza bila haraka, siwezi kumsingizia. Ni yabisi ya uti wa mgongo, akasema, na imekaa miaka. Vile vitu laini vilivyo kati ya pingili vimelika vikaisha, mifupa imeota pembe, pembe zimeshikana, na pingili moja imebonyea. Mgongo huu haunyooki tena. Akiusukuma utavunjika, na ukivunjika miguu nayo imekwenda. Kwa hiyo hakukugusa. Alishauri fimbo, kitambaa cha moto asubuhi na jioni, na dawa za maumivu hospitalini.

Ulimsikiliza kwa heshima, mikono magotini. Kisha ukamwomba akuandikie karatasi urudi kwenye mashine, kwa maana ile ilikusaidia.

"Mama," akasema, "picha haitibu. Inanionyesha mimi pa kushika na pa kuacha. Na kwako imeniambia niache."

Nilimchukia. Alisema kweli, akaisema kwa upole, nami nilimchukia nikamchukia tena. Nilitaka akudanganye. Nilitaka akuwekee mkono begani, anung'unike kitu, akuambie urudi Jumatatu. Hata sasa, nikikaa nikifikiri vizuri, najua singeweza kumtetea daktari wa namna hiyo, lakini ndiye niliyemtaka.

Mito ilirudi kitandani. Nilikuahidi kwamba nitaongea na yule mpiga picha, akulaze mezani tu, awashe mashine ivume. Ulikuwa umegeukia ukuta, ukanijibu bila kugeuka.

"Poni, usinichezee. Kama picha si dawa, kalas, basi. Mimi nimechoka."

Baada ya hapo hukuomba tena kuinuliwa. Nilikuinua kwa sababu ilibidi, nawe uliniacha nikuinue, mzito kama mtu asiyekuwepo. Mvua zilipoanza, kifua kikakubana, maana mgongo uliokunjwa vile hauachii mapafu nafasi. Nilikuwa nakoroga uji pumzi yako ilipokatika.

Sasa nakuambia usilolijua. Fundi wa hapa mtaani alitengeneza jeneza kama anavyotengeneza yote, na tulipokuweka ndani kifuniko hakikukaa. Mgongo wako ulikuinua kichwa na mabega kana kwamba unataka kuketi. Wanaume wa kanisa wakashauriana pembeni. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba tukibonyeza kidogo utanyooka, kwa kuwa huwezi kuumia tena. Nilisimama katikati yao na jeneza.

"Hakuna anayemgusa," nilisema. "Daktari alikataa."

Wakadhani nimechanganyikiwa, na sijui kama walikosea. Fundi akanionea huruma, akaniuliza ulikuwa unalalaje nyumbani. Nikamwonyesha. Nikaingiza mikono yangu chini yako kama kila asubuhi, nikakugeuza kwa ubavu, nikakuwekea kanga chini ya shavu, na kifuniko kikafunga.

Sijapata amani, Mama, na sikuandika ili nikuambie nimeipata. Nakwenda kazini, nakaribisha wageni waliotoka uwanja wa ndege, nawaambia karibuni Juba, narudi. Mgongo wangu nao umeanza kuuma asubuhi. Sitapigwa picha. Najua itakachosema.

Mvua imepungua, na mafuta ya taa yameisha, kwa hiyo niishie hapa. Kwaheri, mama yangu. Kila Jumapili watu wa kanisa hunishika mkono wakiniambia nisilie, mama yako sasa amelala vizuri. Nawashukuru. Lakini mimi ndiye niliyekulaza, na najua ulivyolala.

Kifungua mimba wako,
Poni