Waya Niliousokota Kama Kamba

Buzuruga, 9 Machi 1996

Mwanangu Luhaga,

Na lile jiko la umeme ulilotuma kwa lori basi limewaka. Ngoja kwanza nikusalimie. Sisi wazima. Baba yako miguu bado imemgomea na kifua kinambana, lakini ugali anamaliza na maneno anayo. Anayeandika ni Bernadeta jirani, mimi nasema tu, kwa hiyo mwandiko ukipinda mlaumu yeye.

Fundi Malimi alikuja akasema waya alionao ni wa soketi, mwembamba, jiko hili linataka mnene, aufuate mjini. Nikamwambia ya nini? Mimi tangu usichana nasokota kamba za katani. Uzi mmoja unafunga ndama. Ukitaka kufunga dume unasokota tatu. Akasema, "Mayu, mama yangu, umeme si dume." Nikamuuliza, "Wewe umeshafunga dume gani?" Mtoto wa watu ana adabu, akaona hawezi kubishana na mtu sawa na mama yake. Nikasokota nyaya tatu kwa mkono wangu, zikapendeza, akazipitisha ukutani akafunga.

Luhaga, chuma kikawa chekundu kama pilipili. Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna aliyepuliza. Nilikaa chini. Sasa napika chumbani, kando ya kitanda cha baba yako. Maana nikienda jiko la nje anabaki anaongea na ukuta, na moshi ukimfikia anakohoa mpaka macho yanageuka.

Ni mimi mama yako.

Dar es Salaam, 20 Machi 1996

Mama,

Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Mimi mzima, kazi zinakwenda.

Bernadeta, ukifika hapa acha kusoma, mwambie mama akazime meinswichi.

Mama, jiko hilo likiwaka lote, sahani nne na oveni, linavuta umeme kama nyumba kumi za taa. Waya wa soketi ni wa milimita mbili na nusu, hauwezi. Kusokota tatu hakutengenezi mmoja mnene: ncha mbili zikilegea kwenye skrubu, mmoja unabeba mzigo wote, unachemka ndani ya ukuta nanyi hamwoni. Na baba hawezi kukimbia.

Malimi apime urefu kutoka meinswichi hadi hapo jiko lilipo. Usipozidi mita ishirini anunue waya wa milimita sita. Ukizidi, wa kumi. Uwe shaba, uende peke yake, uwe na swichi yake. Asome maandishi kwenye ganda, asisikilize muuza duka. Siku hizi vitu vinaingia vya kila namna.

Mwanao, Luhaga.

Buzuruga, 12 Aprili 1996

Mwanangu,

Tupo, tunapumua, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea. Barua yako ilifika Jumanne. Ukuta ulikuwa umeshasema Jumapili.

Ilikuwa Pasaka, nikawasha sahani zote, na oveni, kuku yumo. Baba yako akauliza, "Mama Luhaga, nani anachoma kwato?" Nikaweka kiganja ukutani. Lo, joto kama paji la mtoto mwenye malaria, hatua tatu kutoka kichwa cha baba yako, na moto wenyewe huuoni. Meinswichi iko juu, nikaiangusha kwa mwiko.

Malimi alipobomoa, nyaya mbili zilikuwa nzima kabisa, hazikushika. Ule wa tatu umeyeyuka kama ulimbo. Alilia, yule kijana. Nikamwambia nyamaza, mkono uliosokota ni huu. Nikamwomba baba yako msamaha. Akasema, "Miaka arobaini umenifunga kwa kamba zako, leo ndiyo moja imekatika."

Malimi akapima, mita kumi na mbili, akaleta ule wa sita. Niliushika kwa mikono miwili. Mzito, mkaidi, nilijaribu kuukunja ukanikatalia. Sasa nawasha sahani zote nne, naweka kiganja ukutani: baridi kama mtungi. Moto wa kupikia kijiji unapita humo, ukuta haujui. Bernadeta, aliyekuwa ananicheka, naye kaweka mkono, kaacha kucheka. Huwa najiuliza, hicho kinachopita kimya hivyo, kinajuaje kwamba huku mwisho kuna sufuria ya...

Baba yako huyo anaita. Anasema uji unapanda, kanyoosha mkono kutoka kitandani, bado kidogo tu aufikie. Weka kalamu, Bernadeta, nakwenda.