Jina la Mahmudu kwenye orodha

Joël, weka sahani chini usome. Houssein wetu, mtukutu wa bweni la Gitega, leo nusura azikwe hai huku Muyinga.

Unajua kila Jumamosi wazazi wanasomea watoto wadogo hadithi uani kwa Mama Espérance. Houssein akaandika kisirisiri jina la Mahmudu, yule fundi cherehani, kwenye orodha ya wasomaji. Mzaha tu!

Mzee akaitwa. Akafungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena. Watoto thelathini wanamtazama, na bintiye Amisa yuko mbele, anatabasamu.

Ndipo Houssein akaelewa. Mzee hajui kusoma. Hata herufi moja!

"Nani ameandika jina yangu?" Mahmudu akauliza, taratibu.

Houssein angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Lakini Amisa alikuwa ameacha kutabasamu. Houssein akasimama.

"Ni mi, papa. Pardon."

Sote tukangoja kofi.

"Kuja," mzee akasema, akimpisha kwenye mkeka. "We soma. Lakini upitishe kidole chini ya kila neno, pole pole. Na mi nione."