Jiwe la Mama Kwenye Karia

Jumapili, 9 Februari 1958

Pancha mbili kabla ya kufika Mbaruk, zote za Okoth. Tairi yake imechakaa mpaka nyuzi zinaonekana. Nimemwambia mara ngapi? Anacheka tu. Yeye kazi yake ni kutia makaa kwenye gari moshi, anadhani kila kitu duniani kinakwenda kwa kusukumwa.

Leo chama chetu cha baiskeli kimekwenda kwenye daraja la zamani la reli. Mimi ndiye mpangaji. Nachagua mahali, nauliza njia, nakwenda bomani kuomba ruhusa ya kutembea kikundi. Siku hizi za Hali ya Hatari huwezi kuonekana barabarani na wenzako kumi bila kuulizwa. Nawaambia tunakwenda kusikiliza habari za kale, afande. Hawaamini. Wanapekua mpaka ndani ya pampu.

Desturi yetu ni hii. Tukifika, anayejua habari za mahali pale anasimama anasimulia. Akimaliza, lazima mwingine kundini aseme "Nashuhudia," yaani ameona kwa macho au amesikia kwa wazee wake. Asipopatikana shahidi, hiyo ni porojo, na msimuliaji anatununulia chai sote. Kanuni niliitunga mimi mwenyewe, siku Okoth alipotuapia kwamba kiboko aliwahi kusimamisha treni. Kanuni nzuri sana.

Amekuja mtu mpya. Raleigh mpya, kengele inang'aa, suruali imebanwa kwa vibanio. Zakaria. Alikuwa nyapara kwa mzungu tunayemwita Bwana Ndevu, kule karibu na Gilgil. Sasa amehamia mjini, yuko ghala la mahindi. Alinipa mkono. Nikasema nina grisi. Sikuwa na grisi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeshona kola kinyume leo. Mhindi mwenye baraza akanicheka mbele ya wateja.

Sababu ni yule mtu wa jana. Wacha niandike.

Baba alichunga ng'ombe wa Bwana Ndevu maisha yake yote. Alipokufa nilikuwa Kampala, najifunza cherehani. Barua ilichelewa, na vibali vya kusafiri wakati ule vilichelewa zaidi. Walimzika mlimani siku ileile. Wanawake wetu hawafuati jeneza, kwa hiyo mama hakufika. Aliliona lundo la mawe kwa mbali tu, akienda mtoni. Na lundo lilikua. Wachungaji wa kule ukipita kaburi unaongeza jiwe, na baba alikuwa mtu wa watu.

Halafu Bwana Ndevu akataka josho jipya la kuogeshea ng'ombe. Nyapara akaambiwa atafute mawe. Zakaria huyu akachukua ya baba yangu. Mlima mzima ule, mawe tele siku zile, akachukua ya baba yangu! Kisha wachungaji wakafukuzwa, mama akaletwa mjini na lori kama gunia. Niliporudi kutoka Kampala nilikuta nyasi. Waliomzika wametawanyika, sijampata hata mmoja. Mama macho yamepungua nguvu.

Aliyebaki anayejua mahali ni Zakaria. Nimuulize yeye? Ng'o. Bora ninywe maji ya josho.

Jumapili, 16 Februari

Tulikwenda ziwani. Upepo mbaya, magadi yanaingia machoni.

Mwenyekiti wetu amehamishiwa Kisumu na kazi. Wakamchagua Zakaria. Mimi nilikuwa nafunga nati, nilipoinua kichwa wanapiga makofi. Wiki moja tu tangu aje! Kwa sababu gani? Alimpa Okoth tyubu mpya bila kuombwa. Basi. Watu wanauzwa kwa tyubu.

Fisi akivaa kanzu ni fisi.

Jumatano, 19 Februari

Shaabani inaingia. Mama ameanza. Kila mwaka kabla ya Ramadhani watu wanakwenda kuzuru makaburi ya wazee wao, wanasafisha, wanasoma. Majirani zetu hapa Bondeni wote wanakwenda. Sisi tunabaki mlangoni tunawaitikia salamu. Leo hakusema mengi. Alisema anataka baba asomewe safari hii, na asomewe mahali alipo, si hewani.

Nimekasirika, si kwa ajili yake. Nimekata kitambaa cha watu vibaya.

Alhamisi, 20 Februari

Nimepata.

Safari ya tarehe kumi na sita Machi tutakwenda shamba la Bwana Ndevu. Habari za wachungaji wa zamani, ndivyo nitakavyowatangazia. Tutasimama joshoni. Msimuliaji nitakuwa mimi. Nitataja kila kitu, na jina nitalitaja, na mwenyewe atakuwa amesimama pale na vibanio vyake. Nataka wote wamwone anavyotazama chini. Nataka akirudi mjini arudi peke yake.

Wallahi, nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 1 Machi

Nilikwenda kuomba ruhusa kwa mzungu. Jua, vumbi, malori. Hakushuka hata ngazi za baraza lake. Akasema hataki kikundi chochote kwenye shamba lake, na nisirudi. Mbwa wakanifukuza mpaka barabarani. Mmoja alipata upindo wa suruali. Suruali niliyoishona mimi, kitambaa kizuri.

Nimerudi nikiwatukana mbwa, mzungu, barabara. Mwisho nikaitukana baiskeli, ambayo haina kosa.

Jumapili, 2 Machi

Nikawaambia wenzangu imeshindikana. Zakaria akasema, "Niachieni mimi, nijaribu."

Nani alimwomba?

Ijumaa, 7 Machi

Ruhusa imepatikana. Karatasi, sahihi, kila kitu. Alinipitia nayo barazani, wateja wanatazama. Nikalazimika kusema ahsante.

Akauliza kama tutapitia joshoni. Nikasema ndiyo. Akasema sawa, akakanyaga pedali akaenda zake.

Hanikumbuki? Hajui mimi mtoto wa nani? Au anajua, na ananidharau kiasi kwamba haogopi? Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Mjinga ni mimi.

Jana chama kilikutana kibandani kwa chai. Okoth akauliza kwa mzaha, "Na shahidi wako Jumapili nani, Hamisi? Maana tunajitayarisha kunywa." Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama hawezi safari ile, na si mwanachama. Hakuna mwingine kundini aliyewahi kukaa shamba lile.

Ila mmoja.

Nikasema kanuni ya shahidi imekuwa ya kitoto, tuifute. Wakagoma wote. Wanasema ndiyo inayotutofautisha na wapiga domo wa sokoni. Maneno yangu mwenyewe hayo, nilisema mwaka jana! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Zakaria alikuwa amekaa pembeni anapuliza chai yake.

Kwa hiyo nitasimulia, yeye atakataa au atanyamaza, na habari ya baba yangu itakuwa porojo. Nitawanunulia chai juu yake.

Nilifikiria kuahirisha. Lakini Shaabani inakwisha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetia mafuta mnyororo, nimekaza breki.

Mama ametoka nyuma ya nyumba na jiwe. Ameliosha, amelifunga kwa kipande cha kanga kuukuu. Akasema nikipajua niliweke, nisipopajua nirudi nalo. Nimelifunga kwenye karia, nyuma ya kiti cha baiskeli, kwa mpira. Lina uzito.

Sijamwambia kwamba siendi kutafuta kaburi. Nakwenda kumwaibisha mtu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika yote, hata nisiyoyapenda.

Tuliondoka alfajiri. Askari wakatusimamisha njiani, wakagonga jiwe langu kwa rungu. Hili nini? Jiwe, afande. La nini? La mama yangu. Wakatazamana, wakatuachia.

Njia nzima Zakaria alikuwa mbele yangu. Niliutazama mgongo wake mpaka nikaujua kila mshono. Fundi mbaya alimshonea koti lile.

Josho liko bondeni, imara, limepakwa chokaa. Malisho yanapanda mlima juu yake, nyasi na vichaka vya leleshwa, hata jiwe moja la kuokota halipo. Nikasimama ukingoni. Nikasimulia. Wachungaji, maboma yao, nyimbo za kunyweshea ng'ombe. Watu wakafurahi. Kisha nikawaambia kuhusu mchungaji mmoja na lundo lake. Nikasema alikuwa baba yangu. Nikapiga ukuta wa josho kwa kiganja, nikasema lundo ndilo hili mnaloliegemea. Wakaruka wote wakasimama mbali nao. Nikasema aliyeyabeba mawe haya yuko hapa, ni mwenyekiti wenu. Nikamnyooshea kidole. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

Ng'ombe mmoja alikohoa.

Hata Okoth hakucheka. Hakuna aliyetaka kuuliza la shahidi, lakini nililiona machoni mwao.

Zakaria akavua kofia. Akasema, "Nashuhudia."

Akasema aliambiwa alete mawe ya karibu, na yale yalikuwa karibu. Alijua ni ya nani. Aliyabeba kwa punda. Hakusema samahani. Hakutazama chini. Alinitazama mimi! Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake, nina majibu yake yote, nimeyapanga mwezi mzima. Sikuwa nimejiandaa kwa hili. Nilitaka kumpiga na nikakosa pa kuanzia.

Akageuka akaanza kupanda. Hakutuita. Tukamfuata. Akapita leleshwa kadhaa, akarudi nyuma kidogo, akatazama josho, akatazama kisiki kimoja kilichoungua. Akasimama. Mahali kama pengine popote. Nyasi, samadi kavu.

Akasema, "Hapa. Kichwa upande huu." Akaonyesha jua linakotokea.

Ndivyo tunavyozika sisi watu wa huku, kichwa mashariki ili uso uelekee Kibla. Yeye ni mtu wa kanisa, angejuaje? Lakini hata kubahatisha kuna kupata. Mtu aliyekaa na Waislamu shambani anaweza kulijua hilo bila kushika jembe. Nilisimama pale nikimchunguza uso kama hakimu. Ni uso tu. Haukuniambia kitu.

Nilishuka nikafungua jiwe kwenye karia, nikapanda nalo. Nikaliweka. Nikasoma. Machozi yalitoka na sikuyataka, si mbele yake.

Wenzangu walishuka mpaka barabarani kutafuta mawe, kila mmoja akapanda na lake. Okoth alibeba la kutosha watu wawili, akanong'ona kwamba leo chai imempita. Nikacheka nikilia.

Zakaria hakuweka. Alikuwa amekwisha teremka, amesimama na baiskeli, anatusubiri. Angeweka ningelitupa. Nadhani alijua.

Hakuna aliyerudi naye bega kwa bega. Hilo nililitaka na nimelipata. Alikuwa nyuma, peke yake, kengele yake inalia kila penye shimo. Sikusikia raha niliyoitegemea. Kidogo tu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia mama nimeweka jiwe. Akauliza nani alinionyesha. Nikasema Zakaria, nikangoja alaani.

Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema Zakaria ndiye aliyechimba kaburi. Ardhi ilikuwa kavu kama tofali siku ile, vijana wengine wakachoka, yeye akaendelea mpaka mwisho. Mama aliwasikia wanaume wakisema hivyo waliporudi.

Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hajawahi kuniambia. Akasema kila nikisikia jina lile nabamiza mlango.

Ni kweli, nabamiza.

Kwa hiyo alimchimbia, kisha akamwondolea mawe yake. Mkono uleule. Sasa niuchukie vipi? Hasira yangu ilikuwa safi. Huyu mtu hata hiyo ameichafua.

Jumanne, 18 Machi

Kumesemwa kwamba wanataka kuchagua mwenyekiti mwingine. Wamenitaka mimi. Nimekataa. Sikumtetea. Nimesema tu sina nafasi.

Alhamisi, 20 Machi

Watu wako nje wanatafuta mwezi wa Ramadhani. Mawingu ya mvua za kwanza yameshika mlima wa Menengai, hauonekani bado.

Mchana Zakaria aliniletea koti lake, bega limefumuka. Hakuzungumza kuhusu Jumapili na mimi sikumkaribisha kiti. Niliufumua mshono wote wa yule fundi mbaya nikaushona upya. Nikamtoza bei ya kila mtu. Alilipa akaenda. Sitamsamehe. Nimelitazama hilo pande zote, na sitaki.

Lakini tangu Jumapili kitu kimoja hakiniachi. Kaburi la baba yangu limesimama juu ya neno la mtu yule, si juu ya kitu kingine chochote. Kama alikosea hatua chache, nimesomea nyasi. Kama alisema uongo, nitauzuru uongo wake kila mwaka mpaka nife, na watoto wangu baada yangu. Hakuna wa kumuuliza tena.

Jioni mama alikuwa amekaa mlangoni. Jirani zetu walipita wakitoka makaburini, wakasalimia, naye safari hii akawaambia na sisi tumezuru. Walipopita akanigeukia. Akauliza kama nina hakika ni pale.

Nikasema, "Nashuhudia, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akanituma nikalete mkaa.