Nguo ya Kuingia Nayo Mtoni

Jumanne, 1 Aprili 2025

Mvua iliingia jana. Leo imevua viatu na kukaa kabisa, kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Sokoni Mogogosiek sikuuza hata soksi. Watu wananunua gambuti za mvua tu, na kwa mitumba yangu hakuna gambuti.

Saa nane mkutano wa kikosi, kwenye banda la kupimia chai. Sisi ndio watu wa kujitolea — wa kwanza kufika mto ukisomba mtu, gari likianguka, radi ikipiga nyumba. Wa kwanza kwa sababu hakuna wa pili. Alikuja dada mmoja kutoka shirika la Nairobi, amevaa viatu vyeupe. Maskini viatu. Akatuambia kwamba baada ya yaliyompata mwenzetu Phanice mwezi wa kumi na moja, wameamua kutupa sare. Ya kazi, si ya gwaride. Tuchague wenyewe, lakini tukubaliane wote, maana watashona aina moja tu.

Yaliyompata Phanice. Siku hizi tunasema hivyo. Aliingia majini kumfuata mtu, sketi ikanasa kwenye mzizi huko chini. Mzee Obure, mwenyekiti wetu, akavuta kamba mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba. Alimtoa. Alitoa mwili.

Yaani mtu afe ndiyo wengine wapimwe kiuno.

Alhamisi, 3 Aprili

Rangi. Tulianza na rangi, na jua likatuacha hapo.

Kijani — tutapotea kwenye chai, na polisi watatuuliza tumetoa wapi kitambaa chao. Njano ni ya chama. Bluu ni ya chama kingine. Nyekundu ilikuwa ya chama, chama kikafa, lakini wenyewe bado wako hai. Nyeupe — Zack wa bodaboda akauliza kama tunaenda kuokoa watu ama kubatiza. Mwisho tukaangukia damu ya mzee, wekundu wa giza, rangi ambayo haimfurahishi mtu na haimkasirishi. Nikasema kwa ukungu wetu huu haionekani. Wakasema itatiwa utepe wa kung'aa. Haya.

Halafu tukafika penyewe. Mongina akasimama. Huyu msichana ndiye peke yake tuliye naye wa kuingia majini. Alijifunza kuogelea kwenye bwawa la shamba la chai, ambapo baba yake alikuwa ameajiriwa kuzuia watoto wasiogelee. Akasema: "Mimi naomba suruali. Ovaroli ya kubana miguu. Hiyo tu."

Watu wakamwangalia mzee Obure. Mzee akaangalia chai.

Shida yote iko hapa. Mzee ndiye mkono wa kamba, na hapa kwetu hakuna mkono mwingine kama huo. Na Mongina amechumbiwa na mtoto wake, Atuti; harusi ni Agosti. Wao ni Wakisii, na Wakisii wana kitu wanaita chinsoni: baba mkwe na mke wa mtoto wake hawasalimiani kwa mkono, hawakalii kiti kimoja, na mzee hafai kuona mapaja yake, hata umbo lake ndani ya suruali. Sisi Wakipsigis tuna heshima zetu pia, kwa hivyo sicheki. Nacheka kidogo.

Mzee alijibu macho yake yakiwa kwangu. "Mama Kipngeno, mwambie huyo mtoto hiki kikosi kina heshima."

Huyo mtoto amekaa pale pale, mbele yake, anasikia. Naye akanigeukia mimi. "Mama Kipngeno, mwambie mzee hata Phanice alikuwa na heshima."

Nimekuwa mnara wa simu. Ujumbe wa kwanza nilipeleka vile ulivyo. Wa pili niliutoa miiba kwanza, ingawa mzee alikuwa ameshaumeza na miiba yake.

Jumapili, 6 Aprili

Nilimngoja mzee nje ya kanisa, chini ya mwavuli. Mke wake, Edinah, alikuwa kando, amebeba Biblia mbili — yake na ya mzee — na hasemi. Huyo mama kuongea kwake ni kama mwezi wa Januari kwetu: hakuna mvua, lakini unajua itakuja.

Nikamwambia mzee, kwa upole, kwamba kuna njia rahisi. Aache kamba, akae kando. Mtu mwingine ashike, Mongina avae suruali yake, na heshima ibaki nyumbani ikinywa chai.

"Nimpe nani?"

"Zack ana nguvu."

"Zack hawezi kushika hata ahadi." Halafu akaangalia viganja vyake. Makovu bado ni mekundu. "Nilivuta mmoja akaja amekufa. Huyu simwachii mtu, Mama Kipngeno. Huyu ni wa nyumba yangu."

"Basi mwache avae suruali."

"Na hiyo siwezi." Hakukasirika. Ningependa angekasirika, mtu mwenye hasira unaweza kumngoja apoe. "Watoto wao wakizaliwa na kasoro, utakuja kuniambia ilikuwa ni sare? Nimeshazika mtu kwa hii kazi. Usinitafutie na laana."

Nimefikiria njia yote mpaka nyumbani. Anampenda huyu msichana. Hiyo ndiyo mbaya. Angekuwa hampendi, angeachia kamba.

Jumatano, 9 Aprili

Kebaso fundi ameshona sampuli. Sketi-suruali. Ukisimama ni sketi, ukitembea ni suruali, ukikimbia ni mwavuli. Mzee akasema hiyo anaweza kuivumilia. Wanaume wengine wakapiga makofi.

Mongina akaniambia nimwambie mzee: ijaribiwe majini.

Tukaenda kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Zack akajitolea, kwa sababu alikuwa na watu wa kumtazama. Akaivaa, akazunguka kama bibi harusi, wamama wakamwuliza ng'ombe zake zinakuja lini. Akaingia. Mwanzo nguo ilijaa hewa, Zack akaelea kama andazi kwenye mafuta, tukacheka mpaka tukashikana. Halafu hewa ikatoka na maji yakaingia. Tukaona uso wake umebadilika. Miguu ilikuwa inapiga, lakini alikuwa haendi. Mzee alimvuta kwa mkono mmoja, kama mtu anavuta ndama.

Zack akakaa kwenye tope, hana utani. "Inakuvuta chini," akasema. "Inakushika kama mtu."

Mzee Obure: "Zack ni mzito tu."

Mongina alikunja ile sampuli, akaikamua, maji yakatoka mengi, akaikamua tena, yakatoka tena. Akamrudishia Kebaso. Edinah alikuwa amesimama ng'ambo ya bwawa, anatazama mikono ya msichana.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumekubaliana. Dastikoti.

Kila mtu anaijua dastikoti, lile koti jepesi la kazi. Mwalimu anavaa, muuza nyama anavaa, mtu wa kusaga mahindi posho mill anavaa. Inafika magotini, inafunika kila kitu, haina chama, haina dini. Chini yake mwanamke anavaa sketi yake ya kawaida. Yule dada wa Nairobi aliuliza kwa simu, mara mbili, kama ni ya mtoni kweli. Mzee akasema ni ya mahali popote. Hiyo ni kweli. Hata kaburini.

Mongina aliinua mkono pamoja na wengine. Nilimfuata nje, nikamwuliza mbona amekubali.

"Nimechoka, mama. Nikiendelea kuongea, watasema Atuti anaoa mdomo."

"Na mto?"

"Mto hauji kwa mkutano."

Mimi pia niliinua mkono. Wingu lilikuwa limekaa pale juu ya kiwanda na nilitaka kufika nyumbani bila kulowa. Nililowa.

Ijumaa, 25 Aprili

Zimeletwa. Damu ya mzee, vifungo vikubwa, utepe wa kung'aa kifuani. Zack anasema tunafanana na watu wa maabara ya sekondari waliofukuzwa. Yangu inanibana mkono. Nimeitundika nyuma ya mlango na kila nikiingia nadhani kuna mtu.

Mvua hiyo hiyo. Upande wa chini mahindi yamelala.

Jumapili, 27 Aprili

Sare zimeombewa kanisani. Tulisimama mbele, tumepangwa. Mchungaji alimwomba Mungu azivike nguvu hizi nguo. Nilifikiria nguo zilizo na nguvu nilizowahi kuona, na zote zilikuwa ni suruali.

Baada ya ibada Mongina aliniambia ameshona mifuko yake ikafungwa kabisa, isijae maji. Ameshona pia mpasuko wa nyuma — halafu ameushonoa, kwa sababu hakuweza kupiga hatua. Alikuwa anaongea kama mtu anayeeleza namna ya kupika. Nilitaka kumwambia atoke kikosini mpaka harusi ipite. Lakini akitoka, nani ataingia? Mimi? Mimi naogopa hata karai.

Sikumwambia. Tukaongea juu ya keki.

Jumatano, 30 Aprili

Naandika nikiwa banda la chai. Nimeachiwa simu ya kikosi, kwa sababu mtandao unashika hapa tu, na ambulensi imesema itapiga ikifika barabara kuu. Kutoka hapa naona mto wote, ni hapo chini tu ya mteremko. Nisipoandika nitakula kucha zote.

Ni mchana, lakini ukungu umefanya kama jioni.

Daraja la mbao limeenda. Lilienda na Akeyo juu yake, yule mama wa kuchuma chai ng'ambo, alikuwa anarudi nyumbani. Ameshika mkaratusi ulioanguka katikati ya maji. Naona gauni lake la plastiki la kuchumia, kijani. Mara naliona, mara silioni.

Kikosi kilifika haraka. Wote na dastikoti zao. Kutoka hapa wanafanana na kuni zilizolowa. Hata huo utepe haung'ai.

Niandike nilichoona kabla sijapanda huku.

Mongina alisimama ukingoni, kamba imefungwa kiunoni, mzee Obure nyuma yake ameshika, wengine nyuma ya mzee. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa na yanabeba miti mizima. Msichana akayaangalia. Sijui kwa muda gani. Halafu akalegeza kamba, akafungua kifungo cha juu. Akafungua vyote. Akaivua dastikoti, akaiweka juu ya jiwe. Akashika sketi kiunoni.

"Mama Kipngeno," akasema, bila kugeuka, "mwambie mzee nisamehewe."

Sketi ikaanguka, akakaza kamba tena. Ndani alikuwa na kaptula ya kuchezea mpira, ya Atuti, najua kwa sababu mimi ndiye nilimwuzia.

Nilimwangalia mzee. Alikuwa ameshafunga macho. Vidole vyake vilianza kufunguka na kamba ikalegea, mpaka kiunoni kwa msichana. Nikajua anaachia. Kwa mila ni lazima aachie, aondoke, asirudi hapo. Lakini kwa mikono ile ya makovu, haiwezekani.

Edinah ndiye aliyeongea. Huyo mama asiyeongea. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaita watu waje kula.

"Wanaume wote, geukeni. Muupe mto mgongo."

Zack akauliza, "Sasa tutavuta aje kama hatuoni?"

"Mtavuta nikisema vuta. Mtalegeza nikisema legeza. Mimi nitakuwa macho. Geuka, wewe mtoto, kabla sijakugeuza."

Wakageuka. Mzee Obure wa kwanza. Alipitisha kamba mgongoni, akaizungusha kwenye mkono, akachimba gambuti zake kwenye tope, uso umeelekea huku kwangu, kwa chai. Akamwambia mke wake, "Usiniache bila neno."

Mongina akaingia. Mimi nikapanda na simu.

Sasa. Naona wanaume wetu wote wamesimama mstari mmoja, migongo kwa mto, nyuso kwangu, kama wanaopigwa picha. Edinah amesimama kwenye jiwe, mkono juu. Sauti yake inafika hapa. Legeza. Legeza. Legeza.

Mongina amepita lile gogo la kwanza. Miguu yake inafanya kazi, naona povu nyuma yake. Amefika kwa mkaratusi. Ameshika tawi. Akeyo amemshika shingo — asimshike shingo, mtu amwambie — sasa amemshika bega. Wako wawili.

Vuta, Edinah anasema. Wanavuta. Vuta. Mzee analia, au ni mvua. Vuta.

Simu bado.

Mti mkubwa unakuja kutoka juu. Sina mtu wa kumwambia, Edinah ameuona. Amesema legeza? Sikusikia. Mti umepita pale walipokuwa.

Sioni kijani.

Kamba bado imekaza, wanaume wameinama mbele wote pamoja. Kuna kitu mwisho wake. Edinah ameshusha mkono. Naona mdomo wa mzee unafunguka, anamwuliza. Anamwuliza tena. Edinah hajibu, anatazama maji.

Simu inalia. Sijaishika.

Mzee Obure amegeuka kuutazama mto, macho wazi, na kamba hajaiachia.