Kila Mjane

Paris, Mtaa wa Mabua
Siku moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama. Naomba barua hii iwakute wazima, na kile kikohozi chako kiwe kimekwisha. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inayotapika.

Mwalimu Anseau, yule bingwa wa mantiki niliyekuwa nikikusifia, mwaka huu anafundisha neno moja tu: “kila”. Anasema neno hilo halitaji kitu, kama “punda” linavyomtaja punda. Kazi yake ni kulitawanya jina linalolifuata, limguse huyu, na yule, na yule. Kwa hiyo, asema, halisimami pasipo watatu wa kutawanyiwa. Sisi tukambishia kwamba jua ni moja, na bado ni kweli kila jua huangaza. Tulibishana hadi makoo yakakauka, na niliona raha.

Sasa sikia. Jirani nasi ipo nyumba ya wajane, chini ya makasisi. Aliyeijenga aliusia kwamba kila mjane aishiye humo apewe mkate na kuni hadi afe. Homa ya kiangazi ikawafagia, akabaki bibi mmoja, Hersent. Makasisi wanaitaka nyumba iwe ghala la divai. Wakamwita mwalimu awafafanulie wosia, naye akatuchukua wanafunzi wake tukaone mantiki ikifanya kazi.

Akasema mjane mmoja si watatu. “Kila” limekosa pa kutawanyika, basi wosia haumpi mtu kitu. Makasisi wakacheka, wakamjazia kikombe. Mmoja akamwambia bibi, “Haya, katafute wenzako wawili, ndipo urudi!” Hersent hakuelewa. Aliuliza kama mkate wa leo utachelewa.

Nikainuka. Nikasema wosia huohuo unampa kila mkuu wa makasisi funguo za nyumba, na mkuu ni mmoja. Basi naye azirudishe. Wenzangu wakashangilia. Mkuu akaamuru bibi atolewe nje, vyungu vyake vikatupwa matopeni.

Njiani mwalimu alinipiga begani, eti nimejenga hoja safi. Akaninong'oneza kwamba mambo ya watatu yeye mwenyewe hayaamini hata kidogo. “Walitaka hoja, mwanangu, nikawapa hoja. Wewe Pasaka ijayo nitakuvisha ualimu.” Pumzi yake ilinuka divai yao.

Baba, nisamehe kwa hili ninalokuambia: ualimu nimeukataa. Joho langu la uanafunzi nililivua palepale barabarani, nikamrudia Hersent kwenye vyungu vyake, nikamfunika nalo, kwani alikuwa akitetemeka kwa baridi. Kesho tunaondoka pamoja kuja kwenu. Ataketi jikoni petu, na mkate wake utatoka kwenye fungu langu. Najua umewatangazia majirani kwamba Thibaud atarudi na kofia ya ualimu. Waambie anarudi na bibi kizee.

Nisalimie Mama, umtulize kabla hatujafika. Mungu akulinde.

Mwanao akupendaye,
Thibaud